Magunia ya Bwana Shamba

Elisha Mughwai aliapa mara moja tu maishani mwake, na aliapa msibani. Siku hiyo walikuwa wanamzika Mwalimu Chediel, mtu aliyestaafu kwa shangwe, akanunua gari la abiria kwa kiinua mgongo chake chote. Gari lenyewe lilimaliza miaka miwili tu barabarani, kisha likalazwa uani, kuku wakatagia ndani. Baada ya hapo Mwalimu alizunguka Mgori nzima na kofia yake ya heshima, akigonga mlango huu na ule. Anasalimia vizuri, anauliza habari za watoto, anawasifia mbuzi, halafu anakohoa. Ilifika mahali watu wakikisikia kile kikohozi wanazima redio na kujifanya hawapo. Ni ubaya, ndiyo, lakini unga nao unaisha.

Pale makaburini, udongo bado unamwagwa, Elisha alimgeukia mkewe Scholastika akamwambia bila hata kunong'ona, "Mama Editha, mimi sitanyoosha mkono kwa mtu. Heri nife na njaa yangu ndani."

Scholastika alimwambia anyamaze, wafiwa wanasikia. Lakini kiapo kilikuwa kimeshatoka, na tangu siku hiyo kila alichofanya Elisha kuhusu uzee wake alikifanya kwa ajili ya kiapo hicho.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa bwana shamba. Kwenye karatasi aliitwa afisa ugani, lakini hakuna mtu Mgori aliyewahi kulitamka jina hilo, isipokuwa yeye mwenyewe alipokuwa akijaza fomu. Alikuwa na pikipiki ya serikali, buti za mpira, na mahubiri mawili ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kukumalizia. La kwanza: usiuze mazao yakiwa shambani, weka ghalani usubiri bei. La pili: punguza ng'ombe, maana kundi la ng'ombe waliokonda ni umaskini unaotembea. Aliyahubiri mikutanoni, harusini, hata kanisani pale padri alipomwachia dakika mbili za matangazo. Aliyeuza alizeti yake mapema alifuatwa nyumbani akasemwa mbele ya mkewe. Elisha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uhakika kupita kiasi, na watu waliozoea kumsikiliza walimzidishia.

Alistaafu mwaka 2022, mwezi wa tano. Mkupuo wake ulikuwa milioni ishirini na nane. Pensheni ya kila mwezi ilitosha unga, sukari na vidonge vya presha vya Scholastika, ikabaki chenji ya sadaka. Mtu mwingine angeshukuru Mungu, angenunua kuku wachache akakaa kivulini. Elisha alikaa mezani na kikokotoo chake akaona kwamba mkupuo peke yake hautamfikisha. Palikuwa na fungu lingine limelala bure, kwa maoni yake, na fungu hilo lilikuwa ng'ombe wa marehemu baba yake.

Mzee Mughwai hakuwahi kuwa na ng'ombe zaidi ya wanane katika zizi lake. Waliobaki wote walikuwa kwa watu. Ndiyo desturi ya Wanyaturu: unampelekea mtu unayemwamini jike moja au mawili akufugie. Maziwa ni yake, samadi ni yake ya kutia kwenye shamba la uwele, ndama ni wako. Siku ukija kuwachukua ng'ombe wako, unamwachia ndama jike wa shukrani, na udugu unabaki palepale. Mzee alikuwa na ng'ombe kwenye mazizi matano, mengine mwendo wa siku nzima kwa miguu. "Zizi moja, kifo kimoja," ndivyo alivyozoea kusema. Ugonjwa ukipita huku, kule watapona, na wezi wakiingia huku, kule hawajui njia. Elisha aliyasikia maneno hayo utotoni. Alipofika chuo cha kilimo aliyaandika kwenye insha, kama mfano wa ufugaji wa kizamani, akapewa alama nzuri sana.

Basi wiki ya tatu baada ya kustaafu alikodi lori, akachukua daftari, akaanza kuyapitia mazizi. Nyumba nne za kwanza aliwachukua ng'ombe wake bila maneno mengi. Ya tano ilikuwa kwa Amosi, upande wa pili wa msitu wa Mgori. Amosi alikuwa rika lake, mtu mpole, darasa la saba. Alikuwa amewafuga ng'ombe wa mzee miaka kumi na tisa, tangu wakiwa wawili mpaka wakawa sita.

Alimkuta uani anapakia alizeti kwenye gari la Calist, kijana mwenye mashine ya kukamua mafuta kule barabarani. Elisha hakungoja hata kupewa kiti.

"Amosi, hata wewe? Mavuno hayajapoa unauza?"

"Sina ghala, Bwana Shamba. Na bei si nzuri? Elfu sabini na tano sijawahi kuiona tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana hamuendelei." Akalielekea zizi. "Haya, nishikie lango hapo."

Amosi alishika lango. Elisha akaingia na daftari, akawahesabu mmoja mmoja, akiandika na rangi zao: mweusi, mweupe mwenye madoa, mwekundu. Mmoja baada ya mwingine wakapandishwa kwenye lori, mpaka ikafika zamu ya wa mwisho, ndama jike mwekundu wa mwaka mmoja.

"Huyu tunamwacha, siyo?" akauliza Amosi.

"Anaachwa kwa nini?"

"Wa shukrani. Si unajua mwenyewe."

"Ndugu yangu Amosi, maziwa umekunywa miaka kumi na tisa. Samadi umechukua. Tukipiga hesabu ya haki, wewe ndiye unayetakiwa kunipa mimi." Elisha akacheka, kwa kuwa alikuwa anafanya mzaha, akatoa noti mbili za elfu kumi akamwekea mkononi. "Wanunulie watoto sukari."

Amosi aliziangalia zile noti, akazikunja, akazitia mfukoni. "Asante," akasema. "Baba yako alikuwa mtu."

Lori lilikwenda moja kwa moja mnadani, na jioni Elisha alirudi nyumbani na bahasha nene, amefurahi kama bwana harusi. Scholastika alipoelezwa alikaa chini.

"Umewatoa wote? Hata wa Amosi?"

"Wote. Pesa iliyokuwa imetawanyika sasa iko pamoja."

"Baba Editha, wale hawakuwa ng'ombe tu. Wale walikuwa watu wetu. Siku tukilala njaa, tutakwenda zizi gani?"

"Hatutalala njaa," alisema Elisha. "Ndiyo maana yake hii."

Alijenga ghala nyuma ya nyumba, kuta za tofali za kuchoma, bati jipya, na juu ya mlango wa mbao akaandika kwa rangi nyekundu: AKIBA HAIOZI. Kisha akanunua alizeti. Hakununua kwa kubahatisha. Kwa miaka thelathini na minne yeye mwenyewe ndiye aliyekusanya bei za mazao akazipeleka halmashauri, na alijua kama anavyojua jina lake kwamba gunia linalonunuliwa mwezi wa sita huuzwa ghali zaidi mwezi wa kwanza. Mwaka uliotangulia mafuta ya kula yalipanda mpaka akina mama wakawa wanayapima kwa kijiko. Nani angesema yatashuka? Akanunua magunia mia nne, akayapanga juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, yapate hewa, kama alivyokuwa akiwafundisha watu kwa mabango ya picha. Lilipendeza ghala lile. Alikuwa anapeleka wageni kulitazama.

Mwezi wa kumi Calist alikuja na lori lake tupu.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Calist. Umesikia harufu?"

"Nimesikia, mzee wangu. Nakupa elfu themanini na nane kila gunia. Ghala lote hili, leo, pesa mkononi."

Hiyo ilikuwa faida, tena faida ya maana. Scholastika alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na sufuria mkononi, na alimfinya mgongoni. Elisha alijifanya hakuhisi.

"Mwezi wa kwanza utakuja na laki na ishirini," akasema.

"Mzee, nasikia meli zinashusha mafuta ya mawese huko bandarini. Mimi mwenyewe sijui mwezi wa kwanza utakuwaje."

"Subira huvuta heri, kijana."

"Sawa, mzee. Ila huwa inavuta na mengine," alisema Calist, akageuza lori.

Mwezi wa kwanza gunia lilikuwa elfu sitini. Wa tatu, elfu hamsini na kidogo. Mavuno mapya yalipoingia, watu wakawa wanauza kwa elfu thelathini na mbili na kushukuru kwamba kuna anayenunua. Madukani chupa za mafuta ya nje zilijaa mpaka chini, na hakuna aliyekumbuka tena kijiko. Wakulima waliokuwa wameficha magunia yao uvunguni, kwa kumsikiliza yeye, walianza kumpita njiani bila kusimama. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi.

Kama angeuza hapo, hasara ingekuwa kubwa lakini angebaki na kitu. Hebu na tuseme ukweli, mtu aliyefundisha watu jambo moja maisha yake yote hawezi kuliacha siku ambayo yeye ndiye linamkata. Elisha alisoma kwenye simu yake kwamba wenye akili hununua bei ikiwa chini, akaona ni lilelile somo lake limevaa suti. Akaenda benki Singida mjini akachukua mkopo wa wastaafu, ambao unakatwa kwenye pensheni kabla hujaiona, kwa miaka mitano. Akanunua magunia mia mbili mengine. Scholastika hakumfinya safari hii. Alikwenda kulala mchana kweupe, akajifunika kanga mpaka usoni.

Magunia mia mbili hayakuwa na mahali. Chaga zilikuwa zimejaa. Elisha aliyasimamisha sakafuni, akayabana ukutani, akayapandisha mpaka yakagusa bati. Alijua. Hakuna mtu katika wilaya nzima aliyejua zaidi yake kwamba alizeti isipopumua inachemka yenyewe ndani ya gunia. Alijiambia ni ya miezi miwili tu, bei igeuke.

Mvua za mwaka ule zilikuwa za kupita kiasi. Zilinyesha mfululizo hadi mwezi wa nne, upepo ukizigonga kwenye ukuta wa upande wa mashariki. Siku jua lilipotoka, Elisha alifungua mlango wa ghala akasimama pale pale. Harufu ilimpiga usoni, ile ya mafuta yaliyochacha. Akaingiza mkono katika gunia la chini. Ndani kulikuwa na joto, na punje zilitoka zimeshikana, zina ukungu wa kijani. Alikaa juu ya kizingiti na ule mkono ameunyoosha mbele yake, hataki kuufuta kwenye nguo.

Calist aliitwa. Alikuja, akasalimia, akatafuna punje mbili kutoka gunia la juu, akatema.

"Hizi za juu ninaweza kuchukua kwa elfu kumi na nane, za kutengenezea sabuni. Zile za chini, mzee wangu, hata mashudu hazifai. Ukimpa kuku, kuku anakufa."

"Elfu kumi na nane," alisema Elisha.

"Nakupa hiyo kwa sababu ni wewe." Calist aliinamisha kichwa, kwa kuwa na yeye alikuwa miongoni mwa wale watoto wa darasa la tatu walioweza kuyamalizia mahubiri. "Ningekuwa na uwezo ningeongeza."

Magunia zaidi ya mia tatu yalimwagwa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba na kuchomwa. Yaliungua siku nne, na moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, watu wakafunga madirisha. Pesa ya Calist ilienda kwenye mabaki ya deni la wapakiaji na kwenye hospitali, maana presha ya Scholastika ilipanda mara mbili mwaka ule. Mwishowe Elisha aling'oa bati za ghala akaziuza. Mlango hakuna aliyeutaka. Scholastika aliuchukua akazibia banda la kuku, na yale maandishi mekundu akayageuzia ndani.

Hata hivyo kiapo kilikuwa bado kizima, na Elisha alijivunia hilo peke yake. Hakumwambia Editha, binti yao aliyekuwa na watoto wanne na mume asiye na kazi huko Dodoma. Hakumkopa jirani. Pensheni iliyobaki baada ya makato ilikuwa ya kuchekesha, lakini kila siku ugali ulikuwa mezani, na yeye akaamini kwamba ni kwa sababu wanabana matumizi. Alikuwa hata anamsifu mkewe kwa kujua kubana.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alikwenda kwa jirani yao Maria kuchukua jembe lake. Maria alimpa jembe, kisha akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Bwana Shamba, mwambie Mama Editha asihangaike kurudisha lile debe. Waache kuku washibe tu."

"Kuku gani?"

"Si unga wa kuku anaouchukua kila mwezi? Kwangu, na kwa Mama Peniel." Maria akamwona uso, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

Elisha alirudi nyumbani. Waliobaki bandani walikuwa kuku wawili, na kuku wawili hawali debe. Ugali wa mchana ulikuwa umefunikwa mezani. Aliufunua akakaa mbele yake, hakuukata.

"Mama Editha. Unga huu umetoka wapi?"

Scholastika aliacha alichokuwa anafanya. Hakujaribu kumdanganya, alikuwa amechoka kudanganya.

"Umetoka kwa watu," akasema. "Mwaka mzima sasa."

"Nilisema sitanyoosha mkono."

"Wewe ndiye uliyeapa. Mimi sikuapa. Ulitaka nikae nikutazame unavyokufa na njaa yako ndani? Nimegonga milango yote ya huku, Baba Editha, na nimekohoa kama Mwalimu Chediel. Umebaki mlango mmoja ambao mimi siwezi kwenda, kwa sababu si mimi niliyeuharibu."

Hakuhitaji kuutaja. Siku ya pili Elisha alivuka upande wa pili wa msitu kwa miguu.

Zizi la Amosi lilikuwa limepanuliwa mara mbili. Pesa ile ya alizeti aliyoiuza ikiwa bado ya moto aliinunulia mitamba, akawagawa nyumba tatu, na mitamba ikazaa. Amosi alimkaribisha vizuri, akamtolea kigoda, akamletea maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Elisha aliyanywa. Akauliza habari za watoto. Akawasifia mbuzi. Halafu, kabla hajajua anafanya nini, akakohoa.

"Sema tu, Bwana Shamba," alisema Amosi. "Usikohoe."

Elisha aliweka kikombe chini. "Sijaja kuomba. Nina zizi tupu, na nguvu kidogo ninazo bado. Kama una jike la kuwekesha, nikufugie."

"Maziwa yako, samadi yako. Ndama wangu."

"Desturi naijua."

"Unaijua?" Amosi aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Kisha akasimama, akaingia zizini, akatoka na ng'ombe jike mwekundu mwenye kiwele kizuri, ndama wake anamfuata. "Huyu unamkumbuka?"

Elisha alimtambua, ndama yule wa mwaka mmoja.

"Nilimfuata mnadani kesho yake," alisema Amosi. "Ulikuwa umeshaondoka. Waliniuzia laki tatu na nusu. Nilisema damu ya mzee isiishe hapa kwangu."

Elisha alimrudisha nyumbani kwa kamba, kilomita zote zile, ng'ombe wa baba yake ambaye hakuwa tena wa baba yake. Scholastika alimkamua jioni ile ile, na walikunywa chai ya maziwa.

Baada ya mwezi mmoja Amosi alikuja kuwaangalia, kama mwenye mali anavyofanya. Aliegesha baiskeli kwenye banda la kuku, akasalimiana na Scholastika, akamuuliza presha inaendeleaje. Kisha akaenda zizini.

"Nishikie lango hapo, ndugu yangu," akasema. Hakukusudia chochote. Ndama alikuwa mkorofi, angetoroka.

Elisha alishika lango. Amosi alizunguka ndani taratibu, akampapasa ng'ombe mbavu, akamwangalia kwato, akamfumbua ndama mdomo. Hakuwa na daftari. Alipomaliza alitoka akijifuta mikono kwenye suruali.

"Unamtunza vizuri," alisema. "Akizaa tena, akiwa jike, huyo nitakuachia. Wa shukrani."

Elisha alikuwa bado ameshika lango. Yale maneno yake ya siku ya lori, ya nani anatakiwa kumpa nani, yalimrudia yote, pamoja na kicheko chake.

"Asante," akasema.